Dhabu, Mjusi wa Jangwani Mwenye Mlango wa Pili wa Chumvi

Katika darsa zinazosomwa misikitini na barazani Mji Mkongwe, jina la dhabu hutajwa mara kwa mara, ingawa wengi wanaolisikia hawajapata kumwona mwenye jina. Hutajwa inapofikiwa hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoandaliwa nyama ya dhabu wa kuchoma nyumbani kwa mkewe, Bibi Maimuna. Alinyoosha mkono, na alipoarifiwa ni nyama gani akaurudisha, akaeleza kuwa mnyama huyo hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akaivuta nyama kwake akaila, na hakukatazwa. Hapo msikilizaji wa Unguja hutafuta akilini mwake mnyama wa kumlinganisha na dhabu, na mara nyingi humpata kenge. Wapo wasemao burukenge, na wapo wasemao guruguru.

Majina hayo yanapotosha. Kenge ni mla nyama: hula mayai, vifaranga, panya, kaa na mizoga, na kenge wa mtoni hapendi kuwa mbali na maji. Dhabu hula majani, maua na mbegu, naye anaweza kuishi miaka mingi asione kisima wala kijito. Kiukoo, jamaa yake wa karibu anayejulikana vyema Unguja ni kinyonga, kwani meno ya wote wawili yameganda juu ya ukingo wa taya, ilhali ya kenge yamejishikiza ubavuni mwa taya kwa ndani. Tofauti hii ina uzito wake hata nje ya elimu ya wanyama. Madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, humhesabu dhabu kuwa halali. Suala la kenge ni jingine, na wenye kulisema ni wanazuoni. Kwa mhudumu wa afya na mgonjwa, hata hivyo, dhabu ana habari nyingine, nayo imo katika mwili wake.

Wataalamu wa wanyama wamemweka katika jenasi iitwayo Uromastyx. Mjerumani Blasius Merrem alilitoa jina hilo mwaka 1820 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, la mkia na la mjeledi, na aliyewahi kupigwa na mkia huo hatauliza sababu. Mkia ni mnene na umezungukwa na pete za miba migumu, kuanzia kumi na kitu hadi thelathini hivi kwa kutegemea spishi. Spishi zinazotambuliwa leo zinapata 15, nazo zimetawanyika kutoka magharibi ya Sahara, kupitia Misri na Sudan, hadi Pembe ya Afrika, Bara Arabu na pwani ya Iran. Ndugu zao wengine watatu, waishio Iraq, Iran, Pakistan na India, walitengwa mwaka 2009 wakapewa jenasi yao wenyewe, Saara.

Jirani aliye karibu zaidi na Zanzibar ni dhabu wa kaskazini ya Somalia. Lakini aliyeleta jina lake visiwani ni yule wa Omani. Majahazi ya musimu wa kaskazi kutoka Maskati na Sur yalishusha Unguja tende, watu na maneno tangu kabla ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake huku, na familia nyingi za Mji Mkongwe hadi leo zina ndugu pande zote mbili za bahari. Omani ina dhabu wa aina zaidi ya moja. Mkubwa wao, afikaye sentimita 70 hivi kutoka pua hadi ncha ya mkia, hukaa katika tambarare za changarawe. Mwingine ana mkia mfupi wa mviringo kama kisahani, na huonekana katika uwanda wa Jiddat al-Harasis na katika kisiwa cha Masira. Unguja asingestawi. Masika na vuli vingelijaza shimo lake maji, na wanaofuga mijusi hawa Ulaya wanafahamu kwamba hewa yenye unyevu huwaletea maradhi ya mapafu.

Alfajiri dhabu hutoka shimoni akiwa mweusi au kijivu cha kukoza, hulala juani, na ngozi hiyo nyeusi hunywa joto upesi. Mwili ukishakaribia nyuzi 40 za Selsiasi, rangi hupauka, mara nyingine hadi njano au karibu na nyeupe, na hapo ndipo huanza kutafuta chakula. Joto la mchana likizidi hurudi chini ya ardhi, katika shimo linaloweza kwenda mita kadhaa, ambamo hewa ni baridi kidogo na ina unyevu kuliko ile ya juu. Akifuatwa na adui huingia kichwa mbele na kuuacha mkia wa miba uzibe njia. Maji anayoyahitaji huyapata ndani ya majani anayokula, na mengine hutengenezwa mwilini mwake chakula kinapoyeyushwa.

Ugumu wa maisha yake umo katika majani hayohayo. Mimea ya nchi kame hubeba chumvi nyingi, hasa madini ya potasiamu. Mnyama anayekula majani kwa wingi asiwe na maji ya kusukumia chumvi hizo nje angejaza damu yake potasiamu mpaka moyo usimame. Mtu angetarajia, basi, kwamba dhabu amejaaliwa figo zenye nguvu kupita kiasi.

Mambo ni kinyume. Figo ya mjusi ni dhaifu kuliko ya binadamu katika kazi hii. Figo ya mtu mwenye afya inaweza kubana maji na kutoa mkojo mzito kiasi cha mara nne ya uzito wa chumvi zilizomo katika damu, kwa sababu ndani yake mna vijifereji virefu vilivyopinda kama kipini cha nywele, vinavyofanya kazi hiyo. Mijusi hawana vijifereji hivyo, na mkojo wao hauwezi kuwa mzito kuliko damu yao. Dhabu hujisaidia kwanza kwa kutoa taka za protini zikiwa asidi ya yuriki, ute mweupe kama chokaa unaotoka na maji kidogo sana, nao huchukua sehemu ya potasiamu. Kinachobaki hupitia mlango mwingine kabisa. Karibu na pua zake mna tezi zinazochuja chumvi kutoka katika damu na kuitoa kama majimaji mazito. Majimaji hayo yakikauka huacha ukoko mweupe pembezoni mwa tundu za pua. Mtu asiyejua humdhania mjusi ana mafua.

Tezi za namna hii zilianza kueleweka vizuri mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Knut Schmidt-Nielsen, mwanasayansi mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Marekani, alipoonyesha jinsi ndege wa baharini wanavyotoa chumvi kupitia puani, na kisha jinsi watambaazi wa baharini wanavyofanya vivyo hivyo. Watu wa Nungwi wana mfano wake mbele ya macho yao. Kasa anapotoka majini huonekana kama analia. Machozi yale ni chumvi ya bahari inayotolewa na tezi zilizo karibu na macho. Tofauti ni kwamba kasa huondoa sodiamu aliyoipata baharini, na dhabu huondoa zaidi potasiamu aliyoila katika majani.

Binadamu hana mlango huo. Machozi yake, jasho lake na kamasi zake hutoa chumvi kidogo tu, na haviwezi kushika nafasi ya figo. Takriban asilimia 90 ya potasiamu inayoliwa na mtu mwenye afya hutoka kwa mkojo, na iliyobaki hutoka kwa choo kikubwa. Katika damu kiwango chake hutakiwa kiwe kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Kikipita 6.5 moyo uko hatarini, kwa sababu umeme unaouendesha hutegemea tofauti ya potasiamu iliyo ndani ya chembe za misuli na iliyo nje yake. Figo zinapochoka, kwa kisukari cha muda mrefu, kwa shinikizo la damu lisilotibiwa au kwa sababu nyingine, mlango mmoja uliopo huanza kufunga.

Hapa ndipo Mji Mkongwe unapokuwa mahali pagumu kwa mgonjwa wa figo, na ugumu wenyewe umejificha katika vitu vizuri. Dafu ni kinywaji cha heshima. Mgeni hukaribishwa kwa dafu, mgonjwa hupelekewa dafu, na watu wengi huamini kuwa maji yake husafisha figo. Kwa mwenye figo nzima hakuna ubaya. Lakini mililita 100 za maji ya dafu zina potasiamu ya miligramu 250 hivi, kwa hiyo dafu moja la kawaida linaweza kuwa na miligramu 700 hadi zaidi ya 1,000. Wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi mara nyingi huambiwa wasizidishe miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku, kutoka katika vyakula vyote kwa jumla. Madafu mawili yaliyoletwa kwa mapenzi saa za kutazama wagonjwa yanaweza kuimaliza hesabu ya siku nzima kabla ya sahani ya mchana. Hata mtu mzima wa afya ana mpaka wake: mwaka 2014 jarida moja la Marekani la magonjwa ya moyo lilieleza habari za mwanamume wa miaka 42 aliyekunywa chupa nane za maji ya nazi siku ya joto huku akicheza tenisi, akaanguka, moyo wake ukiwa umeharibika mwendo. Alitibiwa akapona.

Dafu haliko peke yake. Tende, ambazo ndizo zinazofungulia swaumu, zina miligramu zaidi ya 600 katika kila gramu 100. Muhogo, viazi vitamu, ndizi, mchicha, maharage, parachichi na ukwaju vyote ni vyakula vyenye potasiamu ya kutosha. Bakuli la urojo wa Forodhani, pamoja na viazi vyake, bajia zake, ukwaju au embe yake, ni mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja peke yake mgonjwa ameshaonywa. Haina maana kwamba mgonjwa ale wali mweupe hadi mwisho wa maisha yake. Viazi na muhogo vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa katika maji mengi, kisha maji hayo yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu. Kupika kwa mvuke au kukaanga bila kuchemsha kwanza hakuleti faida hiyo. Mchuzi uliopikiwa mboga ndio wenye potasiamu iliyotoka katika mboga, kwa hiyo kuzitoa mboga na kunywa mchuzi ni kujidanganya. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya watu wenye shinikizo la damu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mgonjwa wa figo ni hatari kuliko chumvi ya kawaida anayoikimbia.

Zipo pia dawa. Enalaprili na nyingine za kundi lake, ambazo hulinda figo katika hatua za mwanzo, hupandisha potasiamu. Spironolaktoni hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani bila cheti, huzidhoofisha figo zenyewe. Mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya kusoma habari hii. Aulize tu ni lini mara ya mwisho potasiamu yake ilipimwa.

Jambo moja husahauliwa hata kliniki. Figo zinapodhoofika, utumbo mpana huongeza juhudi, na sehemu ya potasiamu inayotoka kwa choo inaweza kupanda hadi robo au theluthi ya ile inayoliwa. Huo ndio mlango wa pili mdogo alioachiwa binadamu. Mgonjwa wa figo anayefunga choo kwa siku nne tano ameufunga nao, na malalamiko yake yasichukuliwe kuwa ya uzee au ya kuona haya. Kwa wale wanaosafishwa damu kwa mashine, mashine ndiyo tezi ya puani. Tofauti ni kwamba tezi ya dhabu hufanya kazi kila siku, na mashine hufanya kazi mara mbili au tatu kwa wiki. Kipindi kirefu kati ya siku mbili za kusafishwa ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, na kikiangukia sikukuu, wakati kila nyumba ina sinia la tende na matunda, hatari huongezeka.

Potasiamu iliyozidi haina dalili ya kuaminika. Mgonjwa anaweza kusema miguu imeishiwa nguvu, au moyo unaruka, au asiseme kitu. Kwa hiyo mhudumu aliyeko katika kituo cha Makunduchi au Kivunge asingoje maabara ikiwa mgonjwa wa figo amekuja na udhaifu wa ghafla; kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha wimbi la T lililochongoka, au mistari iliyoanza kupanuka, matibabu yaanze. Kalsiamu glukoneti huulinda moyo kwa muda mfupi bila kushusha potasiamu. Insulini pamoja na glukosi huisukuma potasiamu irudi ndani ya chembe, huku sukari ya damu ikipimwa mara kwa mara. Salbutamoli ya kuvuta husaidia kazi hiyo hiyo. Zote hizo hununua saa chache za kumfikisha mgonjwa panapoweza kuitoa potasiamu nje ya mwili. Damu iliyochukuliwa kwa shida, ikavunjika ndani ya chupa, hutoa jibu la juu lisilo la kweli, na kipimo hicho hurudiwa, lakini mgonjwa mwenye dalili hasubirishwi kwa ajili ya kurudia.

Likabaki swali ambalo wagonjwa huliuliza kwa sauti ya chini: je, mafuta ya mnyama huyu ni dawa? Pakistan na India, mafuta ya ndugu yake wa jenasi ya Saara huuzwa mabarabarani kwa jina la sanda, na husifiwa kuwa huponya maumivu ya viungo na kurudisha nguvu za kiume. Bara Arabu pia nyama na mafuta ya dhabu vina sifa za aina hiyo. Hakuna uthibitisho wa kitabibu kwamba mafuta hayo hufanya kazi hizo. Ni shahamu, ghala la chakula la mnyama anayevuka miezi ya ukame. Kuyapaka kwenye goti huenda kusidhuru zaidi ya kusuguliwa kwenyewe. Madhara yako kwingine. Mwanamume wa makamo anayepungukiwa nguvu mara nyingi ana kisukari, shinikizo la damu au mishipa iliyoanza kuziba, na upungufu huo unaweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Kila mwezi anaoutumia kujaribu mafuta ni mwezi ambao sukari na shinikizo lake havijapimwa, na figo zake ndizo zinazolipa.

Atakayesema kwamba mijusi imewahi kutoa dawa atakuwa amesema kweli. Mwaka 1992 John Eng, daktari mtafiti wa New York, alichapisha habari za kemikali aliyoipata katika sumu ya mjusi wa jangwa la Marekani aitwaye Gila, inayofanana na homoni ya utumbo inayochochea insulini. Kutokana na kemikali hiyo ikatengenezwa eksenatidi, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Gila si jamaa wa karibu wa dhabu, dawa yenyewe hutengenezwa kiwandani, na miaka 13 ilipita kutoka maandishi yale hadi idhini, ikitumika kupima faida na madhara. Dhabu hana sumu, na hakuna anayechemsha mafuta ya Gila.

Watambaazi, dhabu wakiwemo, hubeba tumboni bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Familia za Waswahili walioko Ughaibuni ambako watoto hufuga mijusi hawa majumbani wanapaswa kunawa mikono kwa sabuni kila wanapowashika, na wasiwaweke nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee au mgonjwa wa figo. Unguja hakuna dhabu wa kufugwa, lakini mjusi kafiri wa jikoni hubeba bakteria wa aina hiyo na kinyesi chake huanguka popote. Mtungi wa maji na sufuria ya chakula hufunikwa kwa sababu hiyo pia.

Kuhusu dhabu mwenyewe, idadi yake imepungua sehemu nyingi kwa kuwindwa kwa nyama, kwa mafuta na kwa biashara ya wanyama wa kufugwa. Yule mkubwa wa Misri na Bara Arabu ameorodheshwa kimataifa kuwa yumo hatarini, na jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES tangu mwaka 1977. Abiria anayetoka Maskati kwenda Unguja akiwa na dhabu mkobani, mzima au aliyekaushwa, au na chupa ya mafuta yake aliyoagizwa na mjomba, hutakiwa kuwa na kibali cha nchi anayotoka.